Plowright: Daktari aliyeizima sotoka kwa chupa za maabara

MFUGAJI kijana wa Nyeri, Karatina au Nanyuki huenda hajawahi kulisikia neno sotoka. Mababu walilijua vyema, kwani mwanzoni mwa miaka ya 1890 maradhi hayo yalifagia mazizi kote Afrika Mashariki, na njaa ikafuata. Ikiwa leo neno hilo linasahaulika, shukrani nyingi zamwendea Dkt Walter Plowright.

Plowright alizaliwa Uingereza mnamo Julai 20, 1923, akahitimu udaktari wa mifugo mwaka wa 1944. Kenya aliijua kwanza akiwa mwanajeshi katika kikosi cha madaktari wa mifugo. Mwaka wa 1950 aliajiriwa na serikali ya kikoloni, akahudumu Kenya na Nigeria kabla ya kurejea katika kituo cha utafiti cha Muguga, karibu na mji wa Kikuyu.

Wakati huo chanjo ya sotoka ilikuwako, lakini ilitengenezwa ndani ya miili ya wanyama hai. Mbuzi walidungwa virusi, wakachinjwa siku chache baadaye, na bandama zao zikasagwa kuwa chanjo. Sungura nao walitumiwa vivyo hivyo. Juu ya hayo, chanjo ya mbuzi ilikuwa kali mno kwa baadhi ya aina za ng'ombe, hata ikawadhuru wale iliokusudiwa kuwaokoa.

Plowright na mwenzake, R.D. Ferris, walishika njia nyingine. Walitoa seli katika figo za ndama, wakazikuza ndani ya chupa za maabara, kisha wakatia humo virusi vikali vya sotoka vilivyopatikana Kabete miaka mingi awali. Walivihamisha kutoka chupa moja hadi nyingine takriban mara 90. Bandu bandu huisha gogo: makali yakatoweka, uwezo wa kukinga ukabaki.

Mnyama hakuondolewa kabisa katika kazi hiyo. Figo zilitoka kwa ndama, na chanjo yenyewe ilijaribiwa kwa ng'ombe. Hata hivyo, mzigo wa kuzalisha virusi ulihama kutoka kwa mbuzi na sungura hadi kwenye chupa, na matokeo yakawa bora: chanjo nafuu, salama kwa ng'ombe wa kila aina na umri, ambayo dozi moja ilimkinga mnyama maisha yake yote.

Kwa chanjo hiyo, mataifa ya Afrika yaliendesha kampeni kubwa kuanzia mwaka wa 1962. Mwaka wa 1999 Plowright alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani.

Virusi vya sotoka vilionekana kwa mara ya mwisho duniani mwaka wa 2001, miongoni mwa nyati wa Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Mwaka wa 2011 ulimwengu ulitangaza kwamba maradhi hayo yameangamizwa, ya pili kung'olewa kabisa baada ya ndui. Plowright hakuisikia habari hiyo njema. Alikuwa amefariki Februari 19, 2010, akiwa na umri wa miaka 86.