Robert Koch na Siri ya Kupe: Funzo kwa Wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini

Na Mwandishi Wetu, Iringa

Mtaalamu wa maabara ya mifugo anapopokea sampuli ya ng'ombe anayeshukiwa kuwa na ndigana kali, huchukua majimaji yaliyotolewa kwenye tezi iliyovimba, huyatandaza juu ya kioo, huyatia rangi na kuyatazama kwa hadubini. Anachokitafuta ni vijidoa vya buluu ndani ya seli nyeupe. Kitaalamu vijidoa hivyo huitwa miili ya Koch, na akiviona, jibu la mfugaji limepatikana.

Jina hilo ni la Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyefariki zaidi ya miaka 110 iliyopita. Wananchi wengi wamelisikia katika habari za kifua kikuu. Ni wachache wanaofahamu kwamba sehemu ya maisha yake ilipita katika ardhi ambayo leo ni Tanzania, na kwamba ni hapa alipofanya kosa ambalo baadaye alilazimika kulisahihisha mwenyewe.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani, baba yake akiwa mtumishi wa migodi. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kuhitimu mwaka 1866. Akiwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao sasa uko Poland, alianza uchunguzi wake nyumbani kwa vifaa vichache. Mwaka 1876 alithibitisha chanzo cha kimeta, ugonjwa unaowapata wanyama na binadamu. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza mjini Berlin kwamba amekiona kijidudu kinachosababisha kifua kikuu. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1905.

Mwishoni mwa mwaka 1896 aliitwa Afrika Kusini kuchunguza sotoka, tauni iliyokuwa ikiteketeza ng'ombe barani kote. Baada ya kazi hiyo na safari ya India, alifika Dar es Salaam mwaka 1897, akabaki koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani hadi mwaka uliofuata. Wakati huo Mtwa Mkwawa alikuwa bado hajakamatwa, na vita vya Wahehe dhidi ya Wajerumani vilikuwa havijamalizika.

Dar es Salaam, Koch aliwapima ng'ombe wa pwani akaona katika damu yao vimelea vidogo sana. Aliviona vizuri, lakini akavitafsiri vibaya. Alidhani ni hatua ya awali ya vimelea vya homa ya Texas, ugonjwa wa kupe uliokwisha kujulikana Marekani, ambao huku kwetu wafugaji huutambua kwa mkojo mwekundu. Kwa maneno mengine, magonjwa mawili tofauti aliyaona kuwa ugonjwa mmoja.

Gharama ya kosa hilo ilionekana baada ya miaka michache. Sotoka ilikuwa imemaliza mifugo ya Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, hivyo ng'ombe waliletwa kutoka nje kupitia bandari ya Beira, wakiwemo waliotoka pwani ya Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1902 ng'ombe wa Rhodesia walikufa kwa wingi. Kwa kuwa wataalamu waliamini kwamba ni homa ya Texas, hatua walizochukua hazikufaa.

Mwaka 1903 Koch aliitwa Bulawayo. Huko alitambua kwamba ugonjwa huo ulikuwa mwingine kabisa, akauita homa ya pwani ya Afrika, na akavielezea vijidoa vya buluu vinavyobeba jina lake. Hata hivyo, tiba aliyoipendekeza, ya kuwadunga ng'ombe wazima damu ya waliopona mara kwa mara, haikufanikiwa. Ukweli uliobaki ulikamilishwa na wengine, hasa Arnold Theiler na Charles Lounsbury wa Afrika Kusini, waliothibitisha kwamba mwenezaji mkuu ni kupe wa kahawia apendaye masikio ya ng'ombe. Vimelea hivyo vinaitwa Theileria kwa heshima ya Theiler.

Mwaka 1905 Koch alirejea katika koloni la Kijerumani. Safari hii alifuata njia za misafara kutoka pwani kwenda bara kupitia Morogoro, akafika nyanda za Uhehe, ambazo ni Iringa ya leo, na pia akafanya kazi Amani katika milima ya Usambara. Alichokuwa akikitafuta ni papasi, kupe laini anayejificha mchana katika nyufa za kuta na sakafu za udongo, na kutoka usiku kuwauma waliolala. Wapagazi na wasafiri waliolala katika vibanda vya njiani waliugua homa inayopanda kwa siku kadhaa, ikatulia, kisha ikarudi.

Koch aliwapasua papasi na kukuta vijidudu vilivyojipinda kama parafujo hadi ndani ya mayai yao. Maana yake ni kwamba papasi mchanga anaweza kuzaliwa akiwa tayari na ugonjwa. Madaktari wengine walikuwa katika njia hiyohiyo, akiwemo Joseph Everett Dutton wa Liverpool, ambaye alifariki Kasongo, mashariki mwa Kongo, mwezi Februari 1905, akiwa ameambukizwa homa aliyokuwa akiichunguza.

Maisha ya Koch yana pia ukurasa mzito. Mwaka 1906 na 1907 aliongoza kazi ya kutibu malale katika visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, akitumia dawa ya atoksili yenye sumu ya aseniki. Alipoongeza kipimo, baadhi ya wagonjwa, ambao walikuwa raia wa makoloni wasio na sauti, walipofuka moja kwa moja. Historia haiwezi kumtaja kwa sifa bila kuwakumbuka watu hao. Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66.

Funzo la maisha yake kwa mfugaji wa Rungwe, Mbarali, Mufindi au Kilolo ni moja: kila homa ya kupe ina jina lake na dawa yake. Ndigana kali huanza kwa homa na kuvimba matezi ya chini ya sikio na mbele ya bega, kisha ng'ombe hupumua kwa shida na kutoa povu puani. Ndigana baridi humfanya ng'ombe apungukiwe damu na kupata choo kigumu. Maji moyo huleta dalili za kichaa na degedege. Mfugaji anayemdunga kila ng'ombe mwenye homa dawa ileile ya oksitetrasaiklini anarudia kosa la Koch la mwaka 1898. Dawa hiyo husaidia katika ndigana baridi na maji moyo, lakini ndigana kali iliyokwisha kujitokeza huhitaji dawa yake maalumu, buparvakwoni, na huhitaji kutolewa mapema. Ng'ombe wa maziwa wa kisasa asipotibiwa mara nyingi hufa ndani ya wiki chache.

Kinga ni nafuu kuliko tiba. Kupe wa kahawia huhitaji kunyonya kwa siku kadhaa kabla ya kuingiza vimelea vya kutosha, ndiyo maana kuogesha kila wiki kunakata mnyororo huo. Ipo pia chanjo ya ndigana kali, ambayo ng'ombe hupewa mara moja tu maishani.

Wafugaji wanahimizwa kuwapeleka mifugo kwenye majosho kwa ratiba, kuchanganya dawa kwa kipimo kilichoelekezwa, na kumwita afisa mifugo mara wanapoona dalili ili sampuli ipelekwe maabara, ikiwemo ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), wenye kituo mjini Iringa. Kwa upande wa binadamu, mwananchi anayepata homa inayotulia na kurudi, hasa aliyelala katika nyumba ya udongo yenye nyufa, afike kituo cha afya na aeleze hivyo kwa mhudumu. Homa ya papasi hufanana na malaria, lakini haiponi kwa dawa za malaria. Hutibiwa kwa antibayotiki chini ya uangalizi wa mtaalamu.