Mzee wa Cheche: Maisha ya Charles Kettering

Likizo ya Agosti niliimalizia katika gereji ya mjomba hapa Mukuru kwa Njenga. Siku moja alinipa distribyuta ya pikapu kuukuu, Datsun 1200, niirudishe. Nikaangalia namba iliyogongwa ubavuni kuhakikisha ni yake, nikapanga waya za plagi 1-3-4-2. Gari ikakohoa, ikatema moto kwa kabureta, kimya! Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe alama ya puli hufika juu mara mbili distribyuta ikizunguka mara moja tu, nami nilishika ile ya kutoa moshi badala ya ile ya kubana. Basi nikataka kumjua aliyetuletea kazi hii.

Charles Kettering alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876 shambani huko Ohio, Marekani. Macho yalimsumbua sana hata akaacha chuo kwa muda, akaenda kufunga nyaya za simu. Alimaliza digrii ya umeme mwaka 1904. Kiwanda cha mashine za kuhesabia pesa mjini Dayton kilimwajiri, naye akaitilia mashine hiyo mota ya umeme.

Jioni alijifungia ghalani na wenzake, wakitafuta cheche ya kuaminika kwa magari ya Cadillac. Mwaka 1909 yeye na Edward Deeds walianzisha kampuni ya Delco. Cheche ilikuwapo kabla yake, lakini mpango wa betri, koili, pointi na distribyuta aliufanya ukawa wa kutegemewa, na ndio ule ule uliomo katika Datsun ya mjomba. Cadillac za 1912 zikatoka na stata yake. Kabla ya hapo ilikuwa hendeli, na cheche ikiwahi, hendeli inarudi kinyume na kukuvunja mkono.

Sasa hapa ndipo penye uchungu. Injini zilianza kugonga, watu wakalaumu cheche zake. Kettering, baadaye mkuu wa utafiti wa General Motors, aliwatuma vijana wake watafute dawa. Mwaka 1921 Thomas Midgley akaipata: madini ya risasi ndani ya petroli. Kugonga kukaisha. Mwaka 1924 wafanyakazi waliokuwa wakiitengeneza dawa hiyo walikufa kule New Jersey, lakini iliendelea kuuzwa dunia nzima, ikidhuru hasa akili za watoto. Nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, 2021. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo alisaidia kuanzisha taasisi ya utafiti wa saratani New York, yenye jina lake mpaka leo. Mimi bado sijui nimweke upande gani.

Alifariki tarehe 25 Novemba 1958.

Mjomba alianza gereji akiwa mvulana, miaka ile ya risasi, akifyonza petroli kwa mpira na mdomo. Nilipomsomea habari hizi alinyamaza, akapangusa mikono kwa kitambaa. Kisha akaniambia nigeuze rota nusu mzunguko. Nikageuza, tukapiga stata, pikapu ikawaka.