Duke tajiri aliyeangamia akisaka taji

KATIKA karne ya 15, ni wafalme wachache barani Ulaya waliomshinda Charles wa Burgundy kwa mali. Hata hivyo, yeye mwenyewe hakuwa mfalme, na jambo hilo lilimnyima utulivu hadi alipokufa.

Charles, aliyepewa lakabu ya Jasiri, alizaliwa mjini Dijon mwaka 1433. Alipomrithi babake, Philip, mnamo 1467, alipata milki mbili zilizotengana. Kusini kulikuwa na Burgundy yenyewe. Kaskazini, miji ya kibiashara ya Flanders, Brabant na Uholanzi. Baadhi ya maeneo hayo aliyashikilia kwa idhini ya Mfalme wa Ufaransa na mengine kwa idhini ya Kaisari wa Ujerumani.

Azma yake ilikuwa kuziunganisha milki hizo na kuvikwa taji. Mwaka 1473 aliiteka Gelderland, kisha akakutana na Kaisari Frederick III mjini Trier, akitarajia kutawazwa. Walijadili pia ndoa ya Mary, bintiye wa pekee, na Maximilian, mwana wa Kaisari. Lakini Frederick aliondoka kwa mashua kabla ya mapambazuko, akamwacha Charles na fedheha.

Badala ya kutulia, Charles alizidisha vita. Mwaka 1475 alimfukuza Duke René wa Lorraine, ambaye nchi yake ilikuwa kati ya milki hizo mbili. Machi 1476, Waswisi walimshinda huko Grandson na kuteka mizinga na hazina yake. Juni, walilifyeka jeshi lake huko Murten.

René alipoukomboa mji wake wa Nancy, Charles aliuzingira katikati ya baridi kali. Aliuawa huko Januari 5, 1477, akiwa na umri wa miaka 43. Maiti yake ilipatikana siku mbili baadaye.

Mary, msichana wa miaka 19, aliachiwa vita na raia waliochoshwa na kodi. Mfalme Louis XI wa Ufaransa aliinyakua Burgundy, nayo miji ya kaskazini ikamshurutisha Mary kuirejeshea haki zake za kale. Mwaka huohuo aliolewa na Maximilian, na milki iliyosalia ikauangukia ukoo wa Habsburg.

Mtaka nyingi nasaba hupata mwingi msiba. Kitukuu wa Charles, aliyepewa jina lake, aliteuliwa kuwa Kaisari mwaka 1519. Lakini Dijon ilibaki mikononi mwa Ufaransa.