Mfalme Jeongjo wa Korea: safari ya siku nane kwenda kwa baba yake

Mwezi wa saba 1762, ndani ya ikulu ya Changgyeong, katika mji ambao leo unaitwa Seoul, mfalme Yeongjo aliamuru mtoto wake mwenyewe aingie ndani ya sanduku la kuwekea mchele. Sanduku likafungwa. Ilikuwa wakati wa joto kali. Mwanamfalme Sado alikaa humo siku nane, akafia humo.

Sado alikuwa na ugonjwa wa akili na alikuwa ameua watumishi wa ikulu, hilo linajulikana. Lakini juu ya nini sanduku? Kwa desturi ya wakati ule, kama angehukumiwa sawa mhalifu, adhabu ingefika pia kwa mke wake na watoto. Mfalme alitaka kumwondoa mtoto na kubaki na mjukuu. Huyo mjukuu njo Jeongjo. Hata miaka 10 hakuwa ameimaliza, na alimwomba babu yake amsamehe baba. Walimtoa pale.

Kisha ile siku, kijana akakuwa katika nyumba ambamo jina la baba yake halikutajwa kwa sauti. Ili apate haki ya kutawala, waliandika kwamba yeye ni mtoto wa ndugu mkubwa wa Sado, aliyekufa akiwa bado mdogo mbele hata Jeongjo azaliwe. Yaani kwenye karatasi alipewa baba mwingine. Mwaka 1776 babu akafa, Jeongjo akakalia kiti. Kati ya maneno yake ya kwanza kwa wakubwa wa serikali, aliwakumbusha kwamba yeye ni mtoto wa Sado. Wengi mule ndani walikuwa wamefurahia kifo cha Sado, kwa hiyo mtu anaweza kuwaza namna walivyosikia baridi mwilini. Mwaka uliofuata, usiku mmoja akiwa anasoma, watu wa kumuua walipanda mpaka juu ya paa la nyumba yake. Aliwasikia, wakakimbia.

Hakujibu kwa kuua kila adui. Alifungua maktaba ya kifalme, Kyujanggak, akaweka mule vijana wasomi waliomtegemea yeye tu, na kisha akachagua pia wachora picha wa ikulu wa kufanya kazi chini ya maktaba hiyo. Mwaka 1789 alihamisha kaburi la baba yake, akalipeleka karibu na Suwon, upande wa kusini wa Seoul. Pembeni ya pale akajenga mji wenye ukuta wa karibu kilometa 6, Hwaseong. Kazi ilianza 1794 ikaisha 1796. Msomi Jeong Yak-yong alitengeneza chombo cha kapi cha kuinua mawe makubwa, na wafanyakazi walilipwa pesa, jambo ambalo halikuwa kawaida kwa kazi ya mfalme.

Mwaka 1795 ndio wenyewe. Mama yake, Hyegyeong, alikuwa anatimiza miaka 60. Sado naye alizaliwa mwaka uleule, angekuwa na 60 pia. Jeongjo akamchukua mama yake, na watu karibu 6,000, wakaenda Hwaseong. Safari ilichukua siku nane. Labda ni bahati tu, lakini hesabu hiyo ni ileile ya sanduku. Ili kuvuka mto Han walipanga mashua kubwa 36 moja pembeni ya ingine, wakatandika mbao juu yake: kilalo cha mashua. Mjane akavuka akiwa amebebwa ndani ya kiti chake, akaenda kulia kwenye kaburi la mume wake, miaka 33 kisha kifo chake.

Kisha safari, wachora picha wa ikulu, kati yao Kim Deuk-sin, waliichora yote juu ya hariri, kwenye kiwambo cha kukunja chenye vipande nane. Kipande kimoja ni karamu ya mama. Kingine ni karamu ya wazee wa mji, zaidi ya 300, kila mmoja na kitambaa cha manjano kwenye fimbo. Kuna mazoezi ya maaskari usiku, kuna kilalo cha mashua. Kile cha kurudi nyumbani njo kizuri kuliko vyote. Mstari wa farasi na bendera unapinda sawa nyoka, na katikati umesimama ili mfalme ampe mama yake chakula. Pembeni ya njia raia wamekaa wanatazama, na wachuuzi wanauza vitu vyao bila shida.

Lakini ukimtafuta Jeongjo mwenyewe, hutamuona. Ilikuwa mwiko kuchora mwili wa mfalme kwenye picha za sherehe. Pahali pake utaona kiti kitupu, ao farasi asiye na mtu juu yake. Hyegyeong pia haonekani. Watu wawili ambao safari ilifanywa juu yao ndio wamekosekana kati ya maelfu.

Jeongjo alikufa 1800 kwa jipu la mgongoni, akiwa na miaka 47. Mama yake aliishi zaidi ya miaka 15 ingine. Mwaka 1801 Jeong Yak-yong alifukuzwa mbali na mji mkuu. Ukuta wa Hwaseong ulivunjika sana wakati wa vita ya Korea, lakini kitabu cha ujenzi kilikuwa kimeandika kila kitu pamoja na michoro, ndiyo maana miaka ya 1970 waliweza kuurudisha. UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia 1997. Kaburi la Jeongjo liko karibu na lile la baba yake.