Frances Glessner Lee: Bibi aliyejenga vijumba vya maiti kuwafunza makachero

JIKO lenyewe lingeweza kutoshea ndani ya kasha la nguo. Kando ya sinki mna viazi vilivyomenywa nusu nusu. Ubao wa kupigia pasi umesimamishwa, na rafuni kumepangwa makopo ya vyakula yenye lebo ndogo zilizoandikwa kwa mkono. Sakafuni amelala mwanamke, mashavu yake mekundu kupita kiasi. Koki za gesi zimefunguliwa na nyufa za milango zimezibwa kwa magazeti.

Mwanamke huyo ni mwanasesere. Kila kitu kilichomzunguka kiliundwa kwa mkono katika miaka ya arobaini na bibi mmoja tajiri wa Marekani, aliyekuwa amekwisha kupita umri wa miaka 60. Wala hakukusudia mtoto yeyote akichezee. Wachezaji wake walikuwa polisi wa vyeo, wanaume watu wazima, ambao walitakiwa kusimama mbele ya jiko hilo kwa dakika 90, kisha waeleze kama mama huyo alijiua au aliuawa.

Bibi huyo aliitwa Frances Glessner Lee. Alizaliwa jijini Chicago mnamo Machi 25, 1878, katika familia ya bwanyenye John Jacob Glessner, aliyejitajirisha kwa kuunda mitambo ya kilimo. Kampuni ya babaye ilikuwa miongoni mwa zile zilizoungana mnamo 1902 na kuzaa International Harvester. Alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, familia ilihamia jumba la mawe katika barabara ya Prairie Avenue, lililobuniwa na msanifu mashuhuri Henry Hobson Richardson. Jumba hilo lingali limesimama, na sasa ni makavazi.

Frances na kakaye, George, walisomeshwa nyumbani na walimu wa kuajiriwa. Hatimaye George alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard. Frances hakupelekwa popote. Binti wa tabaka lake alipaswa kujua kushona, kufuma, kutarizi na kupamba nyumba, kisha asubiri kuposwa. Shule ya udaktari ya Harvard, kwa mfano, haikuwapokea wanawake hadi 1945. Mnamo 1898, akiwa hajatimiza miaka 20, aliozwa kwa wakili Blewett Lee. Walijaliwa watoto watatu, lakini ndoa hiyo haikuwa na heri, na ilivunjwa rasmi mnamo 1914.

Kazi ya mikono aliyofunzwa ili awe mke mwema ndiyo iliyokuja kumpa jina. Wazazi wake walikuwa wafadhili wakubwa wa okestra ya Chicago Symphony, na kwa siku ya kuzaliwa ya mamake, Januari 1, 1913, Frances alimtunukia okestra nzima ya wanasesere. Walikuwa wanamuziki 90, kila mmoja na ala yake na karatasi yake ya muziki. Alikuwa amehudhuria mazoezi ya okestra hiyo ili kuwachora wanamuziki wenyewe, jinsi walivyokaa na jinsi walivyoshika ala zao. Hapo tayari palionekana hulka ambayo ingewachosha mafundi wake baadaye: hakukubali kitu kikaribie kufanana na kile halisi. Sharti kifanane.

Kwa miaka mingi baada ya hapo hakuna jambo kubwa la kusimuliwa. Alilea wanawe, akaishi kwa fedha za wazazi wake na kwa masharti yao.

Mnamo 1929 kakaye alifariki. Mwaka huo huo Frances alikuwa Boston akipata matibabu, na huko akawa akizungumza kwa muda mrefu na George Burgess Magrath, rafiki wa kakaye tangu enzi za Harvard. Magrath alikuwa daktari mkuu wa kuchunguza vifo vya kutatanisha katika eneo la Boston, na hadithi zake hazikuwa za kusimuliwa mezani mbele ya mabibi wa heshima. Alimweleza jinsi maiti inavyokakamaa na kulegea tena, jinsi damu inavyotuama upande uliolaliwa, na jinsi polisi wanavyotia mikono mifukoni mwa marehemu, kukanyaga damu na kutia vidole katika matundu ya risasi kabla ya daktari kuwasili.

Kilichomkera zaidi ni sheria yenyewe. Katika sehemu kubwa ya Marekani, mwenye mamlaka ya kuamua mtu amekufaje alikuwa afisa wa kuchaguliwa kwa kura, ambaye hakuhitajika kuwa na elimu yoyote ya udaktari. Massachusetts ilikuwa imefuta cheo hicho mnamo 1877 na kuweka madaktari mahali pake, lakini majimbo mengi hayakuwa yamefuata. Hivyo, muuaji mwenye akili kidogo angeweza kulala usingizi mnono, ilhali mtu asiye na hatia angeweza kupelekwa kitanzini kwa kifo ambacho kilikuwa ajali tu. Na waathiriwa wa uzembe huo aghalabu walikuwa watu wasio na wa kuwatetea: walevi, makahaba, vibarua, wanawake waliofia majumbani mwao. Nani angejisumbua kuuliza maswali ya pili juu ya hao?

Bi Lee alianza kwa fedha. Mnamo 1931 aliiwezesha Harvard kuanzisha mafunzo ya udaktari wa uchunguzi wa vifo. Mnamo 1934 aliipa maktaba iliyopewa jina la Magrath, yenye vitabu zaidi ya elfu moja. Mnamo 1936, mwaka aliofariki babaye, aliongeza dola 250,000, kitita kikubwa mno kwa wakati huo. Ni kinaya kwamba chuo kilichokuwa na milango iliyofungwa kwa wanawake katika udaktari kilipokea idara nzima ya udaktari kutoka kwa mkono wa mwanamke ambaye hakuwahi kukanyaga darasa la chuo kama mwanafunzi. Magrath mwenyewe alifariki mnamo 1938.

Madaktari walikuwa wakipata mafunzo, lakini daktari hakuwa mtu wa kwanza kufika penye maiti. Wa kwanza alikuwa polisi. Bi Lee aliona kwamba polisi asipojua kutazama, ushahidi utakuwa umekwisha kuharibika kabla ya mwenye ujuzi kuitwa. Ila kuna tatizo: huwezi kuwapeleka wanafunzi 20 mahali pa mauaji kila unapotaka kuwafunza. Mahali penyewe hupigwa deki, maiti huzikwa, na picha huonyesha tu kile ambacho mpigapicha aliona kina maana.

Jibu lake lilikuwa kupapunguza mahali hapo hadi paenee juu ya meza.

Katika shamba la familia lililoitwa The Rocks, jimboni New Hampshire, alifungua karakana na kumwajiri seremala Ralph Mosher. Kipimo kilikuwa kimoja kwa kila kitu: inchi moja iwakilishe futi moja. Mosher alijenga kuta, madirisha, milango na fanicha. Bi Lee alishughulikia watu na vitu vyao. Alifuma soksi ndefu za wanasesere kwa pini za kawaida, kwa kuwa hakuna sindano za kufumia zilizokuwa nyembamba vya kutosha. Alisokota sigara ndogo za tumbaku halisi, kisha akazichoma ncha. Penseli ziliweza kuandika na mtego wa panya ulifyatuka. Kuhusu kiti kimoja cha bembea, husimuliwa kwamba Mosher alikirudia mara kadhaa kwa sababu kilipoachiliwa hakikuyumba idadi ile ile ya mara kama kiti halisi kilichoigwa. Gharama ya kijumba kimoja ilikaribiana na ya kujenga nyumba ya kuishi watu. Chumba kimoja kilichohitaji kuonekana kimeungua kilijengwa kwanza kikiwa kizima, na samani zake zote, kisha kikatiwa moto.

Maiti ndizo zilizohitaji ujuzi zaidi ya vyote. Vichwa vilikuwa vya kauri, miili ya vitambaa, na kila ngozi ilipakwa rangi kulingana na muda tangu kifo na chanzo chake. Wekundu wa mashavu ya yule mama wa jikoni haukuwa urembo. Gesi ya kupikia ya zama hizo ilikuwa na kaboni monoksaidi, na aliyeivuta hadi kufa hubaki na wekundu kama huo. Kachero aliyejua hilo aliweza kusema mama alikufa kwa gesi. Lakini nani alifungua koki? Na mtu aliyekata shauri kujiua huanza kwanza kumenya viazi vya chakula cha jioni?

Jina alilovipa vijumba hivyo lina maana ya uchunguzi wa vifo visivyoelezeka ndani ya ganda la kokwa. Msingi wake ni msemo wa makachero wa enzi hizo, uliowataka wamtie hatiani mkosaji, wamsafishe asiye na kosa na waupate ukweli ndani ya ganda hilo. Vingi vya visa vilitokana na matukio ya kweli, ingawa alibadilisha majina na kuchanganya mambo.

Kimojawapo ni ghala la shambani, lililojengwa kwa mbao zilizochakazwa na jua na mvua ya miaka mingi. Ndani mna mkulima anayening'inia kwenye kamba. Taarifa ya mkewe inasema mzee alikuwa mkorofi, na kila mambo yalipomwendea kombo alikwenda ghalani, akasimama juu ya ndoo, akajitia kitanzi shingoni na kutishia kujiua hadi mkewe ambembeleze. Siku hiyo ndoo ilikuwa na kazi nyingine. Mzee alipanda juu ya kasha la mbao, nalo linaonekana chini yake likiwa limetoboka. Polisi wa haraka angeandika kwamba amejinyonga na kwenda zake. Aliyetazama kasha angejiuliza kama mzee alikusudia kufa siku hiyo au alikuwa akiendeleza mchezo wake wa kawaida.

Katika bafu lenye giza mna mwanamke ndani ya birika, maji yakimmiminikia usoni, na miguu yake iliyokakamaa ikitokeza nje ya ukingo. Mwenzake wa nyumba anasema marehemu alikuwa na kifafa. Anasema vilevile kwamba wanaume wawili walikuwa chumbani mwake, na watu walikuwa wakilewa. Katika nyumba nyingine ya vyumba vitatu, baba, mama na mtoto mchanga wote wameuawa kwa risasi, na damu imetapakaa ukutani juu ya kitanda cha mtoto. Bi Lee aliwaonya wanafunzi kwamba taarifa za mashahidi zingeweza kuwa kweli, kosa au uongo mtupu. Aliwafunza kuanza kutazama upande mmoja na kuzunguka kama mshale wa saa unavyozunguka, hadi wafike katikati. Maiti ije mwisho. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na maafisa wenye nyota mabegani waliinama kweli kweli, tochi na kioo cha kukuzia mikononi.

Mafunzo hayo ya wiki nzima yalianza Harvard mnamo 1945 na kufanyika mara mbili kwa mwaka. Yalihitimishwa kwa karamu katika hoteli ya Ritz-Carlton, ambako Bi Lee alisimamia mwenyewe kila kitu, kuanzia maua hadi nani aketi karibu na nani. Polisi wa vijijini walilishwa katika vyombo vya kauri ambavyo havikutumiwa na mgeni mwingine yeyote. Huenda ilikuwa njia yake ya kuwaambia kwamba kazi yao ni ya heshima. Huenda pia alipenda tu kutawala meza. Waliofanya kazi naye hawakumwona kuwa mtu mwepesi, na mwenye kulipa gharama zote hupata uhuru wa kuwa mgumu. Mwandishi wa riwaya za upelelezi Erle Stanley Gardner alihudhuria mafunzo hayo, na mojawapo ya vitabu vyake vya wakili Perry Mason, kilichochapishwa 1949, alikitabaruku kwa Bi Lee.

Tayari mnamo 1943, akiwa na umri wa miaka 65, polisi wa jimbo la New Hampshire walikuwa wamemtawaza kapteni. Hakikuwa cheo cha kumfurahisha mfadhili tu. Alijiona afisa kamili na alitaka kuitwa Kapteni Lee.

Alifariki Januari 27, 1962, akikaribia kutimiza miaka 84. Harvard haikukawia. Mfuko wa bibi ulipofungwa, idara aliyoianzisha nayo ilifungwa miaka michache baadaye, na vijumba vikabaki bila mwenyewe. Aliyeviokoa ni Russell Fisher, aliyepata mafunzo katika idara hiyo na ambaye wakati huo alikuwa daktari mkuu wa uchunguzi wa vifo jimboni Maryland. Kutoka hapo vijumba 18 vilihamia ofisi yake mjini Baltimore, na mafunzo ya makachero yakaendelezwa huko kwa kutumia vile vile.

Mwishoni mwa 2017 vilitolewa na kuonyeshwa kwa umma kwa miezi michache katika jumba la sanaa la Renwick jijini Washington, pamoja na kimoja kilichodhaniwa kuwa kimepotea. Kabla ya maonyesho, wahifadhi waligundua kwamba balbu ndogo alizotia Bi Lee, ili kila chumba kiwe na mwanga wa saa ya tukio, zilikuwa zikiviunguza vitu polepole kwa joto lake. Walizibadilisha kwa taa zisizotoa joto, huku wakijitahidi rangi ya mwanga ibaki ile ile. Wageni walipewa tochi ndogo na taarifa za mashahidi. Majibu hawakupewa, kwa sababu vijumba hivyo vilikuwa bado vinatumika kuwatahini polisi.