D.O. Misiani: Mwana wa Shirati aliyekataa kuipiga pasi benga

WANAPOTAJWA magwiji wa muziki wa Tanzania, majina huja yenyewe: Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, Marijani Rajab wa Dar es Salaam, Siti binti Saad wa Zanzibar. Ni nadra mtu kumtaja Daniel Owino Misiani. Hata hivyo, mwanamuziki huyo aliyezaliwa mkoani Mara ndiye ambaye wapenzi wa muziki wa Afrika huko Ulaya walimwita babu wa benga, na santuri zake zilipigwa katika baa za vijijini kutoka pwani za Ziwa Victoria hadi kusini mwa bara hili.

Sababu ya kusahauliwa huko haiko mbali. Misiani hakuimba kama redio ya taifa lake ilivyotaka, hakuimba kwa lugha ambayo taifa hilo lilikuwa likiijenga, na hakuishi ndani ya mipaka yake. Alichagua muziki wa kijijini, akaulinda usipigwe pasi na kunyooshwa kwa ajili ya wasikilizaji wa mjini. Uchaguzi huo ulimpa mashabiki wengi na taabu nyingi.

Alizaliwa Februari 22, 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, karibu na Shirati. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tarime kwa miaka yote ya uhai wake, kabla ya kugawanywa mwaka 2007 na kuzaliwa kwa Wilaya ya Rorya. Kutoka Shirati hadi Kenya si safari ya kufungia mizigo. Mpaka ule ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kwa mstari ulioanzia pale nyuzi 1 kusini mwa Ikweta inapokutana na ufukwe wa mashariki wa ziwa. Waluo waliokuwa wakiishi pande zote mbili hawakuulizwa. Wakabaki na ndugu, mashamba, misiba na nyimbo pande zote.

Mkoa wa Mara wenyewe ni nchi ya nyuzi. Kwa Wakurya wa Tarime na Serengeti kuna litungu, chombo kikubwa chenye sauti nzito inayonguruma. Kwa Waluo wa ukanda wa ziwa kuna nyatiti ya nyuzi nane, ambayo mpigaji huichezesha ameketi chini huku kidole cha mguu chenye pete ya chuma kikigonga ubao wake kushika mapigo. Kuna pia orutu, fidla ya uzi mmoja inayolia kama mtu anayelalamika. Mpiga nyatiti hakuwa mtumbuizaji tu. Katika misiba alitarajiwa kumsifu marehemu, kuwataja jamaa zake kwa majina na kuwasema walio hai pale walipostahili kusemwa. Anayetaka kuelewa nyimbo za Misiani ni vema aanzie hapo, kabla ya kufika kwenye gitaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kijana huyo alivuka kwenda Kenya. Nairobi ndiko kulikokuwa na studio na viwanda vya kukandamiza santuri kwa eneo lote la Afrika Mashariki. Katikati ya muongo huo aliunda kundi la Victoria Boys, ambalo lilibadili jina mara kadhaa, likiwamo Shirati Luo Voice, hadi likatulia katika jina la Shirati Jazz. Hakukuwa na jazi ya Kimarekani ndani yake. Katika miaka hiyo karibu kila bendi ya Afrika Mashariki ilijiita Jazz. Jambo la kuangalia ni neno la kwanza. Mtu aliyekuwa akitafuta riziki katika nchi ya watu aliibatiza bendi yake jina la kwao.

Benga haikuwa mali yake peke yake. Wakenya wana haki ya kuwataja pia John Ogara, George Ramogi, Nelson Ochieng' Orwa na Collela Mazee, na ubishi wa nani aliyeanza hauonekani kuisha. Benga ilizaliwa vijana wa Nyanza walipolichukua gitaa wakalicharaza kama nyatiti. Badala ya kupiga nyuzi zote kwa pamoja, kidole huchomoa sauti moja moja kwa kasi. Gitaa la solo hufuata sauti ya mwimbaji, humjibu, kisha huachiwa uwanja mzima. Besi haikai nyuma kwa adabu; inaruka na kukatiza kama ngoma ya pili. Misiani aliongeza uzito wa maneno, na hilo ndilo lililomtenga na wenzake.

Ili kuona alikuwa akipishana na nini, yafaa kutazama nani walikuwa wakitamba mijini wakati huo. Nairobi ya miaka ya 1970 ilikuwa ya rumba. Wakongo wa Baba Gaston, Les Mangelepa na Super Mazembe walijaza kumbi. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, waliingia Kenya mwanzoni mwa muongo huo, wakaunda Simba Wanyika, wakaimba Kiswahili laini chenye magitaa yaliyopangwa kwa ustaarabu. Nao walikuwa Watanzania waliohamia Kenya kama Misiani, lakini muziki wao uliweza kuingia katika sebule yoyote, kutoka Mombasa hadi Bukavu. Wa Misiani ulibisha hodi kwa Kiluo, na bila kuvaa tai.

Nyumbani Tanzania njia ilikuwa nyembamba zaidi. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi bendi na ndiyo iliyozirusha hewani. Hakukuwa na redio binafsi wala kiwanda cha santuri. Bendi za dansi kama NUTA Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz ziliimba kwa Kiswahili, na mashairi yalipitiwa kabla ya kurekodiwa. Mfumo huo ulizaa muziki mzuri ambao hadi leo unasikilizwa kwa heshima, lakini haukuwa na kiti kwa bendi ya magitaa iliyotaka kutunga na kuimba kwa Kiluo mwaka hadi mwaka. Lengo la kujenga taifa lenye lugha moja lilikuwa jema. Gharama yake ililipwa na watu kama Misiani.

Mgogoro wa namna hii haukuwa wa Afrika Mashariki pekee. Huko Marekani, muziki wa kantri ulioanzia mashambani ulifika miaka ya 1950 na 1960 ukiwa umesafishwa mno katika studio za Nashville. Mtayarishaji Chet Atkins na wenzake walipunguza fidla na banjo, wakaweka vinanda, nyuzi za okestra na kwaya, na Jim Reeves akawa sauti ya mtindo huo, sauti ambayo hata wazee wengi wa Kenya na Tanzania waliipenda redioni. Waliokataa walishika njia yao. Buck Owens aliujenga muziki mkavu wa gitaa la umeme huko Bakersfield, California, na Willie Nelson akaiacha Nashville kwenda Austin, Texas mwaka 1972. Kantri yenyewe haikuwa ngeni katika ukanda huu: mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet wakiimba kuhusu Chemirocha, ambalo lilikuwa jina la Jimmie Rodgers lililopindwa na ndimi za huko baada ya kusikika kwenye gramafoni. Nyatiti na banjo hazijuani, ila ugomvi wa mwimbaji wa kijijini na meneja wa mjini ni ule ule.

Tofauti ni kwamba benga ilipata wafanyabiashara wake yenyewe. Mtaa wa River Road jijini Nairobi ulijaa maduka madogo yaliyouza na hata kutoa santuri kwa lebo zao. Aliyevuma zaidi alikuwa Phares Oluoch Kanindo, ambaye baadaye aliingia bungeni. Lebo zake, ikiwamo ile ya Sungura, ziliibeba benga bila kusubiri idhini ya kampuni kubwa. Rekodi zilifanywa haraka, bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Santuri ndogo ilikuwa na pande mbili: upande wa kwanza mwimbaji alieleza kisa chake, na msikilizaji akaigeuza ili upande wa pili magitaa yachemke na watu wainuke vitini.

Safari ya santuri hizo inashangaza. Zilifika Rhodesia, na wapigania uhuru waliokuwa katika kambi za Tanzania na Msumbiji walirejea kwao wakiwa wameizoea midundo hiyo. Wazimbabwe wakauita muziki huo kanindo, kisha sungura, na hadi sasa sungura ndilo jina la muziki wa magitaa unaopendwa mno nchini humo, ule wa akina Alick Macheso. Jina hilo halikutoka kwa mnyama wa hadithi moja kwa moja. Lilisomwa kwenye karatasi iliyobandikwa katikati ya santuri.

Misiani alipata jina la Mfalme wa Historia kwa sababu nyimbo zake zilikuwa masimulizi. Alichukua visa vya Biblia, mambo ya kale ya Waluo na siasa za dunia, akavifunga katika mafumbo. Msikilizaji wa Nyanza alijua kuyafumbua. Baada ya mauaji ya Tom Mboya Julai 1969 na kupigwa marufuku kwa chama cha KPU mwaka huo huo, Waluo wengi wa Kenya walijiona wamewekwa nje ya serikali, na wimbo ukawa mahali pa kusemea yasiyosemeka mkutanoni. Mtanzania huyu akawa mmoja wa wasemaji wao.

Serikali haikuchelewa kusikia. Alikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake, na uraia wake ukawa fimbo juu ya kichwa: mwanamuziki Mkenya angeweza kufungwa, Misiani angeweza kufungwa na pia kufukuzwa nchini. Nako nyumbani mlango ulikuwa na komeo lake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa karibu miaka saba, Shirati iliyoandikwa kwenye jalada la santuri zake ilikuwa ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Mawimbi ya redio kutoka Kisumu hayakuhitaji pasi, na yaliendelea kuvuka.

Hakunyamaza uzeeni. Katika utawala wa Rais Mwai Kibaki, ulioanza Desemba 2002, alitoa Bim En Bim, wimbo uliotumia mfano wa nyani kuwasema watawala. Wakati huo kaseti za wizi zilikuwa zimekwishaua biashara ya santuri, na kipato cha wanamuziki wa rika lake kilitegemea maonesho ya usiku katika miji midogo.

Mwaka 1989 London ilitoa albamu mbili za Shirati Jazz: Benga Blast! na Piny Ose Mer, jina lenye maana ya dunia iliyopinduka. Wanunuzi huko hawakuelewa Kiluo. Walichopenda ni ule ukali wa magitaa yasiyo na tarumbeta, midomo ya bata wala kinanda cha kuyalainisha, yaani kile kile ambacho mijini Afrika Mashariki kilihesabiwa kuwa ushamba.

D.O. Misiani alifariki dunia Mei 17, 2006 katika ajali ya barabarani Kisumu, akiwa na umri wa miaka 66. Mwaka 2008 taasisi ya Ketebul Music ya Nairobi ilitoa filamu na kitabu kuhusu chimbuko la benga. Mwaka 2010 kampuni ya Sterns ya London ilikusanya rekodi zake za miaka ya 1970 katika albamu iliyobeba lile jina lake la Mfalme wa Historia. Albamu hiyo inautambulisha muziki wake kama benga kutoka Kenya.