Henry Wallace, waziri aliyenunua ng'ombe wa ukame

Henry Wallace, mzaliwa wa Iowa, Marekani, mwaka 1888, alivuma kwa mbegu chotara za mahindi kabla ya kuwa Waziri wa Kilimo mwaka 1933. Mwaka huo bei ya nguruwe ilianguka. Serikali ikanunua na kuchinja watoto wa nguruwe wapatao milioni 6. Alilaumiwa sana, maana watu walikuwa na njaa.

Ukame wa 1934 ulipomaliza malisho, serikali ilinunua ng'ombe wapatao milioni 8. Waliodhoofu mno waliuawa. Nyama ya wengine ikagawiwa maskini. Bei ilikuwa ndogo, lakini malipo yaligawanywa kwa busara: fungu moja lilipunguza deni la mkopo, jingine mfugaji alibaki nalo, mdai asiliguse. Wallace alifariki mwaka 1965.